Nani Avuke Maji: Mpiga Kura au Sanduku?



Kila uchaguzi ukikaribia, makanisani mwetu tunasikia tangazo lile lile baada ya Komunyo: kupiga kura si haki tu, ni wajibu. Tangazo ni sahihi. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2240, inaweka kupiga kura pamoja na kulipa kodi na kuilinda nchi, kama mambo yanayotudai katika dhamiri. Mababa wa Mtaguso wa Pili wa Vatikano nao, katika hati ya Gaudium et Spes ya mwaka 1965, waliwakumbusha raia kwamba kura yao huru ni haki na ni wajibu kwa manufaa ya wote. Sina ugomvi na hayo hata kidogo.

Ila katika mkutano wetu mmoja wa vijana hapa Mombasa, mwenzetu aliuliza: baharia aliyekuwa katikati ya bahari siku ya uchaguzi, je, ametenda dhambi kwa kutopiga kura? Watu wakacheka. Mwenyekiti akajibu upesi kwamba hakuna anayedaiwa jambo lisilowezekana, tukarudi kwenye hesabu za nauli ya hija ya Subukia.

Jibu la mwenyekiti ndilo jibu la Kanisa tangu zamani. Hakuna mtu anayefungwa na kile asichoweza. Lakini nimelitafuna jibu hilo wiki nyingi sasa na bado halijashuka. Kuna kutoweza ambako hakuna wa kulaumiwa: mtu amelazwa hana fahamu, mafuriko yamekata daraja asubuhi ile ile. Na kuna kutoweza ambako kumepangwa na watu, kwa kalenda yao na bajeti yao, wakiwa wameketi ofisini. Ukinifungia mlango wa kanisa halafu uniambie, "Usijali, ndugu, Misa ya leo umesamehewa," dhambi umeniondolea, sawa, lakini mlango bado umefungwa. Mimi naona hapo ndipo swali lenyewe linapoanza, na si swali la baharia peke yake. Anayenidai wajibu ananidai pia njia ya kuutimiza?

Hebu tulitazame hapa kwetu Kenya, kwa sababu ndiko ninakokujua.

Katiba ya 2010 inasema uchaguzi mkuu utafanyika Jumanne ya pili ya mwezi wa Agosti, kila mwaka wa tano. Ujao basi ni tarehe 10 Agosti 2027. Vituo vinafunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na moja jioni. Unapiga kura kwenye kituo ulichojiandikisha, si kingine. Kwa mtu wa Buruburu au wa Kisauni hizo ni sheria nyepesi tu. Unaamka, unapanga foleni, unarudi nyumbani kuangalia matokeo kwenye televisheni.

Sasa chukua sheria hizo hizo uzipeleke Lamu. Agosti ni msimu wa kusi. Upepo unavuma kutoka kusini-mashariki, bahari ya nje inachafuka, na mwenye mashua ndogo anakaa ndani ya miamba au hatoki kabisa. Anayeishi Faza au Kizingitini, kisiwani Pate, na kituo chake kiko pale pale kijijini, hana shida. Atatembea kwa miguu. Shida iko kwa kijana wa Kizingitini anayefanya kazi Amu mjini, au mwanafunzi, au mama aliyeolewa kisiwa kingine na jina lake bado liko kwao. Boti za abiria za kwenda Pate hupita mlango wa bahari wa Mkanda, na Mkanda unafuata maji. Maji yakipwa, mnangoja. Boti haijali kwamba kituo kinafungwa saa kumi na moja. Na tarehe 10 Agosti 2027 mwezi utakuwa karibu nusu, yaani ni siku za maji mafu, ambapo hata kujaa kwenyewe si kujaa sana. Aliyepanga tarehe hiyo hakufanya ubaya wowote. Hakuwa anaitazama bahari, basi.

Kwa haki, niseme upande wa pili pia. Kwa mvuvi mdogo wa Pwani, Agosti si mbaya sana, maana kusi humrudisha nyumbani. Wale wanaokwenda dago, wanaohama na vyombo vyao na kupiga kambi ufuo wa mbali kwa miezi, wengi hufanya hivyo wakati wa kaskazi bahari ikitulia. Laiti uchaguzi ungekuwa Januari tungekuwa tunawasikitikia wao. Hakuna tarehe inayompendeza kila mtu, najua.

Ziwa Victoria nalo lina hesabu yake. Uvuvi wa omena kisheria hufungwa kuanzia tarehe 1 Aprili hadi 31 Julai ili samaki wazaliane. Miezi minne. Mvuvi anayeishi kwa omena anangoja tarehe 1 Agosti kama sisi tunavyongoja Pasaka. Omena huvuliwa usiku kwa taa, na taa inafanya kazi vizuri palipo na giza. Mwezi mpevu ukitoka wavuvi hupumzika. Mwaka 2027, mwezi mchanga unaangukia tarehe 2 Agosti. Kwa hiyo usiku wenye giza zuri kabisa baada ya miezi minne ya mifuko mitupu ni zile wiki mbili za mwanzo wa mwezi, na uchaguzi uko katikati yake. Mvuvi aliyejiandikisha nyumbani kwao bara, huku akivua akiwa Remba au Ringiti, anaombwa aache usiku mmoja au miwili ya kazi, alipe boti kwenda na kurudi, alipe matatu, apange foleni. Yule wa Buruburu anaombwa aamke mapema. Wote wawili tunawaambia neno moja: wajibu.

Kodi tunatoza kwa kadiri ya mfuko wa mtu. Wajibu huu nao una gharama, na gharama yake inapanda kadiri unavyozidi kuwa maskini na kuwa mbali. Mimi hilo linanisumbua kuliko la baharia.

Lakini baharia naye yupo. Binamu yangu anafanya kazi kwenye meli ya kitalii, jikoni. Mkataba wake ni wa miezi tisa. Vijana wengi wa Pwani siku hizi wanaelekea huko, wanasoma kozi za usalama baharini, wanapata kitabu cha ubaharia, wanaondoka. Akiwa melini yeye si mkazi wa kokote. Kenya iliwapa kura raia walio nje; mwaka 2013 ilikuwa Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi, na kufikia 2022 nchi zilikuwa 12, zikiwemo Qatar na Falme za Kiarabu. Lakini lazima uwe umejiandikisha kwenye kituo cha huko, uwepo huko siku hiyo hiyo, na kura yenyewe ni ya urais peke yake. Binamu yangu anaweza kuwa bandari ya Dubai Jumatatu na kuwa maji makuu Jumanne. Kwake hizo nchi 12 ni kama hazipo.

Sasa fikiria jambo hili. Wafungwa walipiga kura ya maoni ya Katiba mwaka 2010, na mwaka 2017 wakapiga kura ya urais wakiwa ndani ya magereza. Nafurahi kwamba ilifanyika hivyo. Kristo alijihesabu pamoja na waliofungwa, na serikali iliyopeleka sanduku gerezani ilifanya jambo la heshima. Ninachotaka tukione ni kwamba sanduku lilikwenda. Lilimfuata mtu asiyeweza kutoka. Kwa hiyo tusiambiwe ati sanduku haliwezi kusogea. Linaweza, likiamuliwa.

Na Katiba yenyewe inalijua hilo. Kifungu cha 83(3) kinasema mipango ya kuandikisha wapiga kura na kuendesha uchaguzi iwekwe kwa namna ya kumrahisishia raia mwenye sifa, isimnyime haki yake. Nilipokisoma mara ya kwanza nilikumbuka Yesu na Mafarisayo shambani, wanafunzi wakikwanyua masuke siku ya Sabato. Hoja yake ilikuwa kwamba siku imewekwa kwa faida ya mtu. Sidai kwamba Injili ya Marko inazungumzia IEBC, msinielewe vibaya! Lakini kosa la kumfanya mtu atumikie kalenda ni la zamani sana.

Kuna hoja za upande wa pili na si za kupuuza.

Ya kwanza ni pesa. Kupeleka makarani, askari, mashine ya KIEMS na boti kwenye kisiwa cha watu wachache kunagharimu kuliko kuhudumia mamia Kayole. Ni kweli. Hili sitakaa nalo sana, kwa sababu sisi Wakatoliki tuna mfano wa mchungaji aliyeacha kondoo 99, na mahesabu ya mfano ule hayajawahi kumpendeza mhasibu yeyote. India wanajitahidi kwamba mpiga kura asitembee zaidi ya kilomita mbili kufika kituoni, na kwa chaguzi kadhaa waliweka kituo ndani ya msitu wa Gir, jimbo la Gujarat, kwa ajili ya mpiga kura mmoja. Mmoja! India si nchi tajiri kiasi hicho.

Hoja ya pili ndiyo ngumu, na inatoka ndani ya mfano huo huo. Kituo chenye mpiga kura mmoja hakina siri. Hesabu ikitangazwa, kijiji kizima kinajua alimchagua nani. Kwetu kura huhesabiwa pale pale kituoni na matokeo hubandikwa mlangoni. Kisiwa chenye wapiga kura 15, mmoja akiwa na msimamo tofauti na mwenye boti anayemwajiri, anajulikana kabla ya jioni. Halafu kesho yake atavua kwa boti ya nani?

Unaweza kusema, basi tuchanganye kura za visiwa vidogo kabla ya kuhesabu. Vizuri, lakini Wakenya tuna sababu ya kupenda kuhesabia kituoni. Tumeona mambo yanayoweza kutokea kura na fomu zikiwa safarini. Ndiyo maana mwaka 2017, katika kesi iliyoletwa na Maina Kiai na wenzake, Mahakama ya Rufaa iliamua kwamba matokeo ya urais yanayotangazwa kwenye eneo bunge ni ya mwisho, yasiende kubadilishwa Nairobi. Kila hatua ambayo sanduku linasafiri ni nafasi ya mtu mbaya. Kwa hiyo ukilinda siri ya mtu wa kisiwani unafungua mlango kwa mwizi wa kura, na ukimfungia mwizi unamvua nguo mtu wa kisiwani.

Nimelizungusha hili kichwani na sioni njia isiyo na hatari. Ninachoona ni kwamba lazima tuchague hatari ibebwe na nani. Maoni yangu: sanduku moja litembee kwa boti kati ya visiwa vidogo vilivyo jirani, siku mbili au tatu kabla ya Jumanne, likiwa na mawakala wa pande zote ndani ya boti hiyo hiyo, na kura za visiwa vyote zihesabiwe pamoja kama kituo kimoja siku ya uchaguzi. Usiku mawakala walale nalo chumba kimoja, kama ndugu wanavyolala na maiti wakati wa matanga. Itakuwa taabu? Ndiyo. Lakini taabu hiyo itawapata maafisa na mawakala wanaolipwa posho, badala ya kumpata mama wa kisiwani ambaye sasa ndiye anayeibeba yote, halafu Jumapili tunamhubiria wajibu.

Na baharini? Japani tangu mwaka 2000 wana utaratibu wa mabaharia kupiga kura kwa faksi wakiwa majini. Karatasi inapopokelewa nchi kavu, sehemu yenye jina la mgombea hutoka ikiwa imefunikwa. Ufilipino, nchi ya Wakatoliki wengi na mabaharia wengi kuliko karibu taifa lolote, sheria yao ya 2003 iliwapa raia wa nje siku 30 za kupiga kura na mabaharia siku 60, wakielewa kwamba meli inafika bandarini inapofika. Huo wa pili naupenda zaidi. Hauhitaji mtambo wowote wa ajabu. Unahitaji kukubali kwamba "siku ya uchaguzi" inaweza kuwa zaidi ya siku moja kwa mtu ambaye siku zake si kama zetu. Kura ya melini yenyewe naiogopa kidogo, niseme ukweli. Melini kuna nahodha, na nahodha ndiye anayeandika ripoti ya kazi yako.

Hoja ya tatu nimeisikia kutoka kwa watu wema kabisa: "Si ni yeye alichagua hiyo kazi?" Kwani nani alichagua? Binamu yangu alituma maombi ya kazi nchi kavu kwa miaka miwili kabla hajapanda meli. Na hata kama angechagua kwa hiari, Ijumaa zote za Kwaresima tunapofunga nyama, omena na samaki wanaofika mezani kwetu wametoka mikononi mwa watu waliokesha majini. Mizigo inayoshuka Kilindini haikuja kwa miguu. Hatuwezi kula kazi ya mtu halafu tukatumia kazi hiyo hiyo kama sababu ya kumwacha nje ya maamuzi. Isitoshe, ni maamuzi yanayomhusu kuliko sisi. Tarehe za kufunga ziwa, bei ya mafuta ya injini, doria ya mpakani, jeti ambayo imeahidiwa kila uchaguzi na haijawahi kujengwa, vyote hivyo vinaamuliwa na waliochaguliwa siku ambayo yeye hayupo.

Nimeacha la mwisho ambalo linanitia hofu zaidi kama Mkristo. Serikali isipopeleka sanduku, kuna mtu mwingine atakayepeleka boti. Wote wa visiwani wanalijua hili. Siku ya uchaguzi inakuja boti imejazwa mafuta, ina bendera au haina, na nahodha anasema pandeni, ni bure. Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016 inakataza kumpa mtu kitu ili apige kura kwa namna fulani, na kila mgombea atakuambia kwamba yeye anasaidia wananchi tu. Mama anayepanda boti ile anataka kutimiza wajibu uleule tuliomtangazia kanisani. Hana nauli ya kwenda na kurudi. Akipanda, anajua na aliyempandisha anajua. Akibaki, tunamwita raia asiyejali. Sasa niambieni, tumemwachia nafasi gani ya kuwa huru? Mtaguso ulisema kura huru. Mimi sidhani mama huyo ametenda kosa lolote, na kama angeniuliza ningemwambia apande boti, afike, achague kwa dhamiri yake na asimwambie mtu. Lakini kumwambia hivyo ni kumwomba ujasiri ambao mimi wa Mombasa sijawahi kuombwa. Kituo changu kiko hatua chache kutoka kwenye duka la mama mboga.

Basi nina maombi mawili kwenu. Vijana mlio Lamu, Mfangano, Remba, Wasini au kisiwa chochote, na ninyi mlio melini mnaosoma hapa mkipata intaneti bandarini: niandikieni. Kituo chenu kiko wapi, nauli ni shilingi ngapi kwenda na kurudi, na boti inaondoka saa ngapi. Nataka tuipeleke kwa Tume ikiwa imeandikwa vizuri, kupitia ofisi ya Haki na Amani ya jimbo, mapema, tusingoje Julai 2027. Na ninyi mliojiandikisha kijijini huku mnaishi kwingine, nendeni mkahamishe jina lenu sasa, wakati foleni hazipo.

Binamu yangu ameshasaini mkataba mpya. Anaondoka Machi 2027, arudi Desemba. Mumkumbuke katika rozari zenu, yeye na wenzake wote walio majini.

Tuzidi kuombeana.